Ila ya Kisimani

Mwanangu Somoe,

Habari za hapa ni nzuri, ila nimekukasirikia.

Nimeanza hivyo kwa makusudi. Salamu zako zipo, nimezibania tu, nitakupa mwisho kama zitabaki. Sasa hivi alasiri imeshapita, wewe umekwenda Likombe kumuaga mama yako mdogo, na mimi nimekaa mkekani hapa ukumbini, karibu na begi ulilolifunga tangu jana kama mtu anayekimbizwa. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Dar es Salaam kuanza kazi kwenye ofisi ya ile kampuni ya mwani. Ningeweza kukusubiri nikwambie kwa mdomo. Lakini nikifungua mdomo nitapiga kelele, na wewe utasema "sawa, mama" kwa ile sauti yako ya ofisini, kisha tutakwenda kulala na jambo litabaki pale pale.

Sikuandikii ule vizuri, wala ufunge mlango, wala ujihadhari na watu wa stendi. Mama yako mdogo atakuwa ameshakwambia hayo yote leo, na kwa sauti. Mimi nakuandikia juu ya Kisimani.

Wiki iliyopita ulikuja na wenzako kupima pwani yetu. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilivaa kanga mpya, nikampitia Bi Halima jirani yangu, nikamwambia twende tukamtazame mtoto wetu akiwa kazini. Tukasimama pale kwenye mikoko tukiwaangalia ndani ya boti, mmevaa yale majaketi ya rangi ya chungwa, wewe unashusha kifaa majini, unasoma, unaandika kwenye kishikwambi. Bi Halima akasema, "Ntoto huyu nimenfunga nepi mimi mwenyewe." Nikasema ndiyo, umemfunga. Nilikuwa najisikia mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Mlipotia nanga mkashuka, nikakuuliza mmeona wapi panafaa. Ukaniambia kampuni inataka shamba kubwa, siyo vile vipande vya kina mama vya zamani, shamba la kutoka mikokoni mpaka kwenye mwamba, na mahali pazuri kuliko pote mlipopima ni Kisimani. Chumvi sawa. Mchanga sawa. Mkondo sawa. Mawimbi hayapigi. "Panafaa, mama," ukasema, na ulikuwa na furaha usoni ambayo sijaiona tangu ulipomaliza chuo. Mmeshaweka na kigingi, ukanionyesha kwa mbali, kina kitambaa chekundu juu.

Nikasema, "Kisimani? Somoe, njooni mpapime maji yakipwa. Njooni wakati wa bamvua, pwani ikauke kabisa."

Ukasema boti mmeikodi kwa siku zile tu, na kipimo ni kipimo. Zilikuwa siku za maji mafu, Somoe, bahari haikuondoka hata kidogo. Nikaanza tena: "Lakini Kisimani, mwanangu..." Ndipo uliponikata, mbele ya wenzako na mbele ya Bi Halima.

"Mama, naomba tusirudie mambo ya Maji Mazuri."

Kijana mmoja akauliza, maji mazuri ndiyo nini? Ukamweleza kwa ufupi na kwa kuchekesha, maana unajua kusimulia, hilo umelirithi kwangu. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu walikuwa wageni. Nikawachukua nyumbani nikawapikia wali na pweza wa nazi, wakala, wakashukuru, wakaondoka. Kicheko kile nimebaki nacho wiki nzima, kimechacha.

Wewe umesimulia kama ulivyosikia kwa watu. Sasa sikia kwa mwenye jina.

Ulikuwa darasa la pili. Alikuja mtu wa mradi wa mwani pamoja na bwana samaki wa wakati ule. Mtu mpole, ana miwani, suruali ameikunja mpaka magotini. Bahari ilikuwa imejaa kama ilivyokuwa imejaa kwenu. Walitukusanya kina mama pale pale kwenye mikoko, akatusalimia vizuri kama mtu aliyelelewa. Habari zenu, mama zangu? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto hawajambo? Hawajambo. Kisha kwa sauti ile ile akanyoosha kidole kuelekea Kisimani, akauliza, "Na maji ya pale, mazuri?"

"Mazuri!" tukajibu wote.

Mimi nikaongeza kwa nguvu, "Mazuri sana, baba, hata kwa chai!"

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akaandika.

Alidhani natania. Sikutania hata kidogo! Pale maji yakipwa tunachimba mchanga kwa kifuu, na chini yake yanatoka maji matamu, ya baridi, unajaza ndoo unaenda zako. Ndiyo maana panaitwa Kisimani. Mahali palipo ndani ya bahari panaitwa Kisimani, na mtu mzima aliyesoma hakuuliza hicho kisima kiko wapi. Kwake yeye maji mazuri ni maji ya kuotesha mwani. Kwangu mimi maji mazuri ni ya kunywa. Maji gani mengine mtu akiulizwa atayaita mazuri?

Wakatuletea kamba, vigingi, na zile kamba nyembamba za kufungia mbegu tunazoziita taitai. Tulifunga mwani kiangazi kizima tukiinama mpaka viuno vikakataa. Na ulikua, sitasema uongo. Ulikua, tukauvuna, tukauanika, tukaimba. Kisha ikaja masika. Mvua zikanyesha huko juu, maji yakapita chini kwa chini yakaja kutokea Kisimani kwa nguvu, na Ruvuma nayo ikashusha maji yake ya udongo mpaka kwetu. Mwani ukaanza kuwa mweupe kwenye ncha. Ukalainika. Asubuhi moja nilivuta kamba yangu nikakuta taitai tupu, zimefungwa vizuri, mafundo yote yapo, hayajashika kitu. Mwani hautaki maji matamu. Hilo tulilijua mwani ukiwa umeshakufa.

Unajua waliandika nini? Bwana samaki alikuja kutuambia mwenyewe, anaangalia chini. Waliandika kwamba kina mama wa kijiji hiki hawakujituma.

Hatukujituma! Bi Halima alifunga mwani akiwa na mimba kubwa, tumbo limezama ndani ya maji. Mimi nilikuacha na homa, umelala peke yako hapa hapa ninapoandika, nikaenda kufunga kamba kwa sababu ilikuwa bamvua na bamvua haingojei mtoto apone. Nilirudi nikakukuta umejitapikia. Mpaka leo nikilisikia neno hilo, kujituma, nainuka naondoka, na hapa unaona nilivyoliandika mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Kijiji nacho kikatafuta wa kumcheka. Mtu wa mradi alikuwa ameshaondoka na gari lake, hachekeki tena. Wakanishika mimi. Mama Maji Mazuri. Dukani, harusini, msibani maiti akiwa bado ndani. Tulijibu wengi, akapewa jina mmoja. Baba yako alipoona siwezi kutoka nje bila kuitwa, akanichukua tukaenda kupalilia mikorosho ya kaka yake kule Mpapura mpaka msimu ukaisha, na huko nako tulikuta jina limefika kabla yetu.

Na wewe ukamng'ata mtoto wa watu. Umesahau? Mimi sijasahau. Alikuita mtoto wa Maji Mazuri, ukamkamata mkono ukamng'ata, na ulikuwa umeng'oka meno ya mbele, sijui ulitumia yapi. Mwalimu akaniita. Nikakugombeza mbele yake kwa maneno makali, na njiani nikakununulia kashata, ukaila kwa upande wa shavu. Sikukwambia siku ile kwamba ilikuwa zawadi. Ilikuwa zawadi. Duniani kote mtu mmoja tu aliyekuwa upande wangu bila kuuliza swali alikuwa wewe. Leo una meno yote, una cheti, na jina lile limetoka kinywani mwako kwa raha zako.

Hapo ndipo penye hasira yangu, usipatafute kwingine.

Sasa nikwambie jambo moja ambalo hata wanaonicheka hawalijui. Wananicheka kwa kosa lisilo lenyewe. Kusema hata kwa chai halikuwa kosa, ulikuwa ukweli. Kosa lilikuja baada ya hapo. Watu walipokuwa wanacheka, Bi Halima alikuwa bado anajibu. Unamjua, maneno yake hutoka polepole. Wote tulisema mazuri tukanyamaza, yeye akasema, "Mazuri, ila..." Mtu wa mradi alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye boti yake. Bi Halima akainua mkono amwite. Mimi nikamvuta kanga. Nikamwambia, "Nyamaza, utamchosha mgeni."

Baadaye nilimuuliza alitaka kusema nini. Alitaka kusema, ila sharti uchimbe. Basi. Hakujua mambo ya mwani kama mimi nisivyojua, alikuwa anamalizia jibu lake tu kwa uaminifu. Lakini mtu yeyote angeambiwa kwamba maji yale ya baharini sharti uyachimbe, angesimama. Angerudi. Angeuliza. Na mimi nikaizuia sentensi hiyo kwa kumvuta mwenzangu nguo, eti adabu.

Sisi ndivyo tulivyo, Somoe, na huhitaji kufundishwa. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Umefiwa, unasema nzuri, kisha unavuta pumzi, unasema ila. Nzuri, ila mama yuko hospitali. Nzuri, ila tumezika jana. Habari yenyewe inakaa baada ya ila, na kabla yake ni salamu tu. Na neno lenyewe si unalijua lina kazi mbili: ila ni lakini, na ila ni kasoro. Yule mtu hakuingoja ya kwanza, ndiyo maana hakuijua ya pili.

Yeye nimeshamsamehe, karibu. Alikuwa mgeni. Wewe je? Wewe umezaliwa humu. Uliyanywa maji ya Kisimani ukiwa hujaota jino hata moja, nilikuwa nakubeba mgongoni nikichimba. Ndiyo, tulikupeleka Likombe kusoma ukiwa bado mdogo, na huko unafungua bomba, sikulaumu kwa kusahau ladha. Lakini jina je? Umeliandika kwenye kishikwambi kwa mkono wako, Kisimani, na hukushtuka. Hata leo huko Likombe mama yako mdogo amekuuliza habari za nyumbani na wewe umesema nzuri, ila mama amenuna. Usibishe, najua umesema hivyo. Kwa hiyo ila unaijua. Ni yangu tu ambayo hukutaka kuisikia.

Na kifaa chako sikigombezi. Hakikudanganya. Ulikiuliza habari za maji yaliyojaa, kikakujibu nzuri. Nacho kimelelewa vizuri.

Najigombeza na mimi pia, usidhani natoka salama. Siku ile mliponicheka ningeweza kusema. Ningekushika mkono mbele ya wale vijana nikakwambia hapo unapotaka kufunga kamba ndipo tunapokunywa. Nikanyamaza kwa sababu ya wageni. Umri huu wote, na jina hili lote, na bado nilijivuta kanga mwenyewe.

Jumatatu mtakaa mezani kupitisha pwani zitakazochukuliwa. Umeniambia mwenyewe, na kwamba neno la aliyepima ndilo linalosikilizwa. Kisimani ikipita watafunga kamba kutoka mikokoni mpaka mwambani na kuweka ubao wa kukataza watu. Visima vya kijiji unavijua kiangazi, maji yake hata sabuni haitoi povu. Gesi inaondoka hapo Madimba inafika Dar es Salaam ndani ya bomba, na sisi tunachimba mchanga kwa kifuu tupate maji ya kupikia uji. Sawa, tumezoea, hatujamlilia mtu. Lakini na hapo pa kuchimba mpafunge? Halafu masika ije, mwani ufe wote, shamba zima, na mtu mwingine mwenye miwani aandike kwamba kina mama hawakujituma? Safari hii jina halitakuwa langu. Watakuita wewe. Utakuwa mbali, hutasikia, na masikio yatakayosikia ni haya yangu. Sina nguvu ya kulisikia mara ya pili likiwa juu yako. Nikilisikia nitang'ata mtu.

Sisemi mwani usilimwe. Mimi sijui mwani unataka nini. Niliwahi kudhani najua, nikavuna taitai. Pengine upande wa pili wa mwamba panafaa, pengine hapafai, sijui chumvi yake wala mkondo wake, hiyo ni elimu yako na ninajivunia kwamba unayo. Nilichonacho mimi ni jambo dogo. Utatumwa kwenye pwani za watu wengine, kina mama watakusalimia na watakwambia nzuri, kila kitu nzuri, kwa sababu umewapendeza na una jaketi la rangi ya chungwa. Kabla hujashusha kifaa chako, omba maji ya kunywa. Ukishakunywa, uliza yamechotwa wapi. Kisha kaa kimya, usifunge begi, usiangalie boti. Kuna Bi Halima kila mahali, na maneno yake hayana haraka.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi nguo zako za kuvaa safarini, ulidhani nimekwenda sokoni. Nilikwenda Kisimani na Bi Halima. Leo ni bamvua, bahari imeondoka mpaka kule mwambani. Tukatembea juu ya mchanga mpaka kwenye kigingi chako chenye kitambaa chekundu, tukapiga magoti ubavuni pake, tukachimba kwa kifuu. Maji yakaja machafu. Bi Halima akasema, "Ngoja nchanga utulie." Tukangoja, yakatakata. Nikajaza chupa.

Nilipokuwa nafunga kifuniko, yule mwanamke akaniangalia akasema, "Leo usinivute kanga."

Nikamwambia, sikuvuti, sema.

Akasimama, akajipangusa mchanga magotini, akapaza sauti kuelekea baharini ambako hakukuwa na mtu wala boti: "Ila sharti uchimbe!" Tukacheka mpaka tukakaa chini. Kisha mimi nikalia kidogo, na yeye akatazama pembeni mpaka nikamaliza.

Chupa iko kwenye begi lako, mfuko wa ubavuni, upande wa kulia. Nimeifunga shingoni kwa taitai yangu ya zamani ili usiichanganye na maji ya dukani. Kunywa kidogo njiani. Yatakayobaki yafikishe mezani Jumatatu, tumbukiza kifaa chako mbele yao, soma, na waambie yametoka wapi. Yule kijana aliyeuliza maji mazuri ndiyo nini, mmiminie kwenye kikombe.

Haya, salamu zako hizi hapa, zimebaki. Bi Halima anakusalimu. Baba yako anakusalimu kutoka Mpapura kwenye korosho, anasema ukifika umpigie. Mimi nakusalimu, nakuombea, na nakupenda, ila hasira bado ninayo, na sitaitua mpaka nisikie mlichoamua.

Maji haya ni mazuri, mwanangu, hata kwa chai. Ila nimeyachimba kwenye kigingi chako.

Ni mimi mama yako,
Maji Mazuri